Noki sensa mbili zilizobadilishwa bure: uchunguzi wa taimingi ya cheche tangu mwanzo hadi mwisho

Kwanza tuelewane kwenye neno. Fundi akisema injini "imenoki", mara nyingi anamaanisha imekufa: bereng zimekwisha, konrodi imetoka njia, hesabu imefungwa. Hapa tunazungumzia mlio mwingine, wa injini kugonga, ule mkavu wa kokoto zinazotikiswa ndani ya kopo, unaosikika gari linapopanda mlima au linapokanyagwa ghafla likiwa kwenye gia kubwa. Plagi imeshawasha na moto unasambaa ndani ya silinda, lakini mchanganyiko wa petroli na hewa uliobaki pembeni unawaka wenyewe kabla moto huo haujaufikia. Shinikizo linapanda kwa kishindo na chuma kinalia. Katika silinda yenye kipenyo cha milimita 86, mlio huo hutetema kwa takriban kilohezi 6 hadi 7. Noki sensa kazi yake ni kuusikia. Kompyuta ya injini ikishaambiwa, inachelewesha cheche, yaani taimingi yake, kwa digrii chache za mzunguko wa krenki, kisha inairudisha kidogo kidogo kadiri utulivu unavyorejea.

Gari linalohusika hapa lilikuwa la V6 (silinda sita kwenye safu mbili, yaani benki), taimingi belti, na noki sensa mbili zilizofichwa mahali pabaya kuliko pote: kwenye bonde katikati ya benki mbili za silinda, chini ya manifoldi ya kuingizia hewa. Malalamiko yalikuwa matatu. Gari zito mlimani, ulaji wa petroli umepanda, na giaboksi ya otomatiki haiingii gia ya mwisho. Taa ya injini haikuwaka asubuhi. Iliwaka baada ya dakika kumi na kitu za safari, injini ikishapata moto, na kodi, yaani namba ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta, ilisomeka P0333.

Hilo la gia liliwapoteza watu wawili kabla gari halijafika kwetu. Mmoja alishamwaga mafuta ya giaboksi na kubadilisha filta. Ukweli ni kwamba baadhi ya magari, kompyuta ikipoteza imani na noki sensa, hufanya mambo mawili kwa pamoja: hurudisha cheche nyuma kwa kiwango kikubwa kisichobadilika ili kuilinda injini, na hufunga gia ya juu ili injini isibebeshwe mzigo kwenye mizunguko ya chini, ambako kugonga hutokea kwa urahisi. Dereva anahisi gia, ugonjwa uko kwenye cheche. Kwa hiyo gari likikataa gia ya mwisho, soma kodi za injini kabla hujagusa giaboksi.

Kosa la kwanza lilikuwa letu

Kodi ilitaja noki sensa, tukaagiza noki sensa. Tukaagiza mbili, kwa hoja kwamba ukishafungua huko chini, bora umalize kabisa. Hoja hiyo si ya kipuuzi, kwa sababu kazi kubwa ni kufika, si kubadilisha. Tatizo ni kwamba hakuna aliyepima kitu.

Kodi za familia hii zinasema zaidi ya vile watu wanavyozisoma. P0325 na P0330 ni hitilafu ya saketi kwa jumla, ya kwanza ikiwa benki 1 na ya pili benki 2. P0326 na P0331 ni ishara iliyo nje ya mipaka inayotarajiwa. P0327 na P0332 ni volti iko chini mno, yaani mara nyingi waya umegusa bodi. P0328 na P0333 ni volti iko juu mno, na kwenye sensa za aina hii hiyo kwa kawaida ni njia iliyokatika: waya, pini, au sensa yenyewe kwa ndani. Tarakimu ya mwisho ilikuwa imeshatuambia "tafuteni palipokatika". Tukaenda kununua sensa.

Kufungua manifoldi ya V6 kama hii ni kazi ya nusu siku kwa mtu asiyeharakisha. Toa presha ya petroli kwanza. Puliza bonde na ukingo wa manifoldi kwa hewa kabla hujalegeza bolti hata moja, maana mchanga unaoanguka kwenye tundu la vali ukiwa wazi unaishia ndani ya silinda. Manifoldi ikitoka, ziba matundu yote kwa vitambaa safi na uvihesabu. Sita vimeingia, sita vitoke. Gasketi za manifoldi zikishabanwa zamani usizirudishe; hewa ikivuja hapo mchanganyiko unakuwa mwembamba, na mchanganyiko mwembamba unagonga. Utakuwa umeanzisha ugonjwa uleule uliokuja kuutibu.

Sensa zikafungwa. Bolti ikakazwa kwa mkono wa mazoea, bila spana ya torki. Kodi ikafutwa, injini ikawashwa, ikasikilizwa ikiwa imesimama kwa dakika tano, taa haikuwaka, gari likaondoka. Baada ya siku mbili lilirudi na P0333 ileile.

Kwenye kipande hicho kifupi kuna makosa matatu. La kupima tumeshalisema. La pili ni torki. Sensa bapa, ile yenye tundu katikati linalopitisha bolti ya M8, ni kipande cha kioo cha piezo (kinachotoa umeme kidogo kinapotikiswa) kilichobanwa kati ya pete na uzito mdogo. Kampuni ya Bosch inayozitengeneza hutaja torki ya Nm (newton-mita) 20, ikiruhusu 5 juu au chini. Ikilegea, haipokei vizuri mitetemo ya kasi kubwa. Ikikazwa kupita kiasi, kioo kinabanwa kupita kipimo na ishara inabadilika, wakati mwingine kinapasuka. Usiweke washa ya aina yoyote. Chini yake pasiwe na rangi, kutu wala grisi. Chuma kikutane na chuma. Elekeza shingo ya soketi kama ilivyokuwa ili waya usilale juu ya bloku. Na sensa ikikuponyoka ikadunda sakafuni, usiifunge.

Zile za zamani zinazofungwa kwa nyuzi zake zenyewe kama plagi, zenye waya mmoja, zina sharti lake: erthi yake ni mwili wake. Ukizungusha teipu ya tefloni kwenye nyuzi umeikata erthi. Fundi anaweka teipu kwa nia njema, hasa pale tundu la sensa linapofika kwenye maji ya injini, kisha siku nzima anatafuta kodi isiyoondoka.

Kosa la tatu ni kuthibitisha matengenezo injini ikiwa imesimama. Kompyuta nyingi hazipimi saketi ya noki sensa mpaka masharti yatimie: maji ya injini yawe yamepata moto, mizunguko ipite kiwango fulani, mara nyingi 2000 hivi kwa dakika, na injini iwe chini ya mzigo. Kutowaka kwa taa gari likiwa limeegeshwa hakuna linachothibitisha. Endesha robo saa, injini ikiwa imefika nyuzi joto 80 na kuendelea, na upande angalau mlima mmoja huku mtu mwingine akitazama mashine ya kusomea kodi. Ukiwa peke yako, iache irekodi, uje usome ukishasimama.

Kupima bila kufungua manifoldi

Safari ya pili ilianza kwenye soketi ya kompyuta, mahali ambapo safari ya kwanza ilipaswa kuanzia. Swichi ikiwa imezimwa na soketi imechomolewa, unaweza kupima sensa pamoja na njia yake yote ya waya kupitia pini mbili, bila kufungua hata nati ya manifoldi. Tafuta pini kwenye mchoro wa waya wa gari husika. Usibahatishe kwa rangi.

Kipimo sahihi kinategemea aina, na hapa ndipo watu hutupa sensa nzima. Sensa bapa za Toyota zenye waya mbili huwa na rizista ndani yake, na kipimo kinachotajwa ni kilo-omu 120 hadi 280 kwenye nyuzi joto 20. Nissan nyingi za miaka ya 1990 hutaka kama kilo-omu 500 hadi 620, na mita yenye kikomo kidogo itakuonyesha kana kwamba pamekatika. Sensa za waya mmoja zisizo na rizista hazipaswi kupitisha kitu kabisa kati ya pini na mwili. Hiyo ukikuta inapitisha, ndiyo mbovu. Namba moja kwa hiyo inaweza kuwa uzima kwenye gari hili na ubovu kwenye lile, na kitabu cha gari ndicho mwamuzi. Unapopima, usishike ncha zote mbili za mita kwa vidole: kwenye kilo-omu mamia, ngozi yako inaingia kwenye hesabu.

Kwenye gari hili, injini ikiwa baridi, benki 1 ilitoa kilo-omu 204 na benki 2 ikatoa 211. Zote nzima. Hapo ndipo mtu mvivu hufunga boneti. Tuliwasha injini, tukaiacha ishike moto mpaka feni ya rejeta iwake mara mbili, tukazima, tukapima tena. Benki 1: 198. Benki 2: mita haikuona kitu. Baada ya dakika arobaini za kupoa, 211 ilirudi kana kwamba haikwenda popote.

Njia hiyohiyo inaweza kupimwa kwa volti. Katika mifumo ya waya mbili yenye rizista, kompyuta hutuma volti 5 hivi kwenye waya wa ishara. Sensa ikichomolewa na swichi ikiwashwa, upande wa kompyuta usome kati ya 4.5 na 5.5. Sensa ikiunganishwa, rizista yake inagawana volti hiyo na ile iliyo ndani ya kompyuta na kipimo kinashuka hadi karibu nusu. Kikibaki karibu na 5, njia imekatika. Kikikaa karibu na sifuri, waya umegusa bodi.

Kisha kuna kubadilishana pande. Kama soketi ya waya za sensa inatokea nje ya manifoldi, peleka ishara ya benki 1 kwa benki 2 na kinyume chake, kwa vipande vya waya vyenye pini sahihi. Kodi ikihama kutoka P0333 kwenda P0328, ugonjwa uko chini ya manifoldi. Ikibaki palepale, uko kati ya soketi hiyo na kompyuta. Dakika ishirini za kazi hiyo zingetuokolea nusu siku, gasketi seti moja na sensa mbili.

Kugongagonga nako kuna nafasi yake. Weka mita kwenye milivolti za AC, unganisha kwenye waya za sensa, kisha gonga bloku kwa nyundo ndogo karibu na sensa. Usiigonge sensa yenyewe. Kila pigo litikise namba. Oskiloskopu, chombo kinachochora wimbi la umeme kwenye skrini, inaonyesha vizuri zaidi: wimbi linaruka ghafla na kufifia taratibu, kama kengele iliyogongwa mara moja. Lakini jaribio hili linathibitisha tu kwamba kioo kina uhai. Halisemi kama kinasikia kwa kiwango kinachotakiwa.

Manifoldi ilipotoka mara ya pili, waya wa benki 2 ulikuwa na sentimita nne karibu na soketi ya sensa ambazo plastiki yake ilibomoka ilipoguswa, ikianguka vipande kama ganda la yai. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi zilizobaki zikigusana zilikuwa mbili au tatu. Injini ikipata moto kila kitu kinatanuka na zile nyuzi zinaachana. Mara ya kwanza tulizishika waya hizo kwa mikono yetu, tukazichomeka kwenye sensa mpya, na hakuna aliyezitazama.

Matengenezo yake si kufunga teipu. Kata mpaka ufike kwenye shaba inayong'aa. Tumia waya unaostahimili joto, wenye wavu wa kinga kama ulikuwepo, kwa sababu ishara ya sensa hii ni ndogo na waya za koili zinapita jirani. Wavu huo uunganishwe na erthi upande mmoja tu, ule wa awali, kwa kawaida upande wa kompyuta. Ukiuunganisha pande zote mbili unatengeneza mzunguko unaookota kelele. Weka pini mpya, lehemu kwa solda, funika kwa mrija unaosinyaa kwa joto, na upitishe waya mbali na koili. Sensa mpya zilikazwa upya, safari hii kwa spana ya torki, Nm 20. Safari ya majaribio ikapita bila kodi na gia ya mwisho ikaingia.

Kodi imeondoka, gari bado zito

Hapo ndipo wengi wangempa mwenye gari funguo zake. Lilikuwa limepona nusu. Mlimani lilikuwa bado halina nguvu inayostahili V6, na mashine ya kusomea ilionyesha kompyuta ikirudisha cheche digrii 6 hadi 8 mara kwa mara. Taa haikuwaka kwa sababu kwa kompyuta hiyo si hitilafu. Inasikia kugonga, inafanya kazi yake.

Swali sasa ni kama kile inachosikia ni kugonga kweli. Kompyuta haisikilizi muda wote. Inafungua dirisha baada ya kila pistoni kupita kilele, kwa digrii makumi kadhaa za mzunguko wa krenki, na ndani ya dirisha hilo inalinganisha kelele na wastani wa kelele za kawaida za silinda hiyo. Kitu chochote cha chuma kinachotetema kwa kasi inayokaribiana na ile ya kugonga, ndani ya dirisha hilo, kitahesabiwa kuwa kugonga: braketi iliyolegea, kinga ya joto ya ekzosi iliyopasuka, pistoni inayochezacheza kwenye silinda iliyolika, bereng ya konrodi inayoanza kulia.

Jaribio linalotenganisha hayo ni la bure. Kugonga kweli hufuata mzigo. Kelele ya chuma hufuata mizunguko. Weka gia huru, injini ikiwa na moto, pandisha taratibu hadi 3000 huku ukitazama digrii zinazorudishwa. Injini isiyo na mzigo haina sababu ya kugonga. Kwenye gari hili, kati ya 2400 na 2700 kompyuta ilirudisha digrii 5, na juu ya hapo ikatulia. Dirisha jembamba la mizunguko namna hiyo ni tabia ya kitu kilicholegea kinachopata mtetemo wake.

Tukavua fenibelti na kuwasha kwa sekunde thelathini. Muda huo ni mfupi vya kutosha hata kwa injini ambayo pampu yake ya maji inazungushwa na belti hiyo, lakini usizidishe. Digrii zilizorudishwa: sifuri. Bisibisi ndefu iliyowekwa sikioni ilimaliza kazi: braketi ya kompresa ya kiyoyozi, iliyofungwa kwenye bloku upande wa benki 2, ilikuwa na bolti moja kati ya nne iliyokwisha nyuzi. Kwa macho ilionekana imekaa sawa. Ukiisukuma kwa mtarimbo ilicheza kwa unene wa karatasi.

Kama matokeo yangekuwa kinyume, yaani kutulia kwenye gia huru na kurudisha digrii mlimani, kugonga kungekuwa kwa kweli na msako ungeelekea kwingine. Mpangilio tunaoufuata huanza na vya rahisi. Petroli kwanza: tazama kitabu kinataka okteni ngapi kwa kipimo cha RON, maliza tangi hadi karibu na mwisho, jaza yenye okteni ya juu zaidi na uendeshe siku moja au mbili, kwa kuwa kompyuta nyingi hukumbuka ilichojifunza na haziachi mara moja. Digrii zikipungua waziwazi, kugonga ni kwa kweli na sensa yako ni nzima. Halafu joto: thermostati iliyokwama, rejeta iliyoziba, feni inayochelewa. Halafu mchanganyiko mwembamba, ambao kwenye mashine ya kusomea unajitangaza kwa kompyuta kuongeza petroli kwa asilimia 10 na zaidi kwa muda mrefu. Chanzo huwa hewa inayovuja, pampu iliyochoka au nozeli iliyoziba. Vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi kwenye silinda, isipofunguka huongeza joto la mwako. Plagi za moto kupita daraja linalotakiwa pia, na plagi isiyokazwa vizuri haipitishi joto lake kwenye hedi. Mwisho kabisa masizi juu ya pistoni, ambayo huongeza mgandamizo na kubaki na vinundu vyekundu kama kaa. Ukipima mgandamizo ukakuta silinda zote ziko juu kuliko kitabu kinavyotaja, usifurahi kwamba injini ni nzima sana. Tazama masizi.

Taa ya taimingi na puli iliyotudanganya

Katikati ya hayo kulikuwa na nusu siku nyingine iliyopotea, na yafaa isimuliwe. Kabla ya kugundua braketi, tuliamua kuhakiki taimingi ya msingi. Kwenye magari ya Toyota yenye soketi ya OBD (ile ya kuchomeka mashine ya kusomea), hilo hufanywa kwa kuunganisha pini 13 na pini 4 za soketi hiyo, TC na CG, injini ikiwa na moto na vifaa vya umeme vimezimwa. Kompyuta inaacha marekebisho yake, na kwa injini nyingi zake taa ya taimingi inapaswa kuonyesha digrii 8 hadi 12 kabla ya kilele. Zile za zamani zenye distributa zina TE1 na E1 kwenye kisanduku cha majaribio ndani ya boneti, zikilenga digrii 10, na hapo unaweza kuzungusha distributa kurekebisha. Ukisahau kuunganisha pini hizo, utakuwa unarekebisha taimingi huku kompyuta nayo ikiirekebisha dhidi yako, na hamtakutana. Kwenye injini za zamani zaidi zenye kapsuli ya vakyumu, chomoa mrija wake na uuzibe kabla ya kupima.

Taa ilituonyesha digrii 19. Mashine ilisema 10. Wazo la kwanza lilikuwa taimingi belti imeruka jino, na kifuniko cha juu kilishaanza kufunguliwa. Bahati mtu mmoja alitazama puli ya krenki kwa karibu. Puli hizi ni vipande viwili vya chuma vilivyounganishwa na mpira katikati ili kumeza mitetemo. Mpira ukizeeka, pete ya nje inateleza, na alama ya taimingi iko kwenye pete ya nje. Mpira huu ulikuwa umetokeza upande mmoja kama ufizi uliovimba, na fenibelti ilikuwa ikikimbia milimita chache nje ya mstari.

Kwa hiyo usiiamini alama kabla ya kuihakiki. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti cha plastiki kirefu kisichoweza kuvunjika wala kudumbukia, na zungusha krenki kwa mkono ukitumia spana kwenye bolti ya puli, kwa mwelekeo wa mzunguko wa injini. Kijiti kikifika juu na kusimama, alama ikae kwenye sifuri. Pistoni husimama kwa digrii kadhaa pale kileleni, kwa hiyo ukitaka usahihi weka alama kijiti kikiwa milimita 10 chini ya kilele kwa upande mmoja, kisha milimita 10 kwa upande wa pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo kilele kilipo. Yetu ilikuwa imeteleza digrii 9. Taimingi ilikuwa sawa tangu mwanzo. Puli ilibadilishwa kwa sababu pete ikichomoka kabisa ikiwa kwenye kasi inaharibu kila ilicho karibu nacho.

Ieleweke pia kwamba taimingi belti iliyoruka kweli haihamishi cheche peke yake. Inahamisha vali, mgandamizo unashuka, na kompyuta nyingi huandika P0016 au kodi jirani zake kwa kuwa krenki na kemshafti haziendi pamoja. Zote zikikosekana, usiharakishe kufungua kifuniko cha belti.

Rizista ya ujanja

Kuna njia ya mkato inayozungumzwa sana: kufunga rizista ya kilo-omu kadhaa badala ya sensa, kodi iondoke, taa izime. Kwenye mifumo mingine inafanikiwa kwa maana hiyo tu. Kompyuta inaona saketi nzima yenye ukimya, inaamini injini haigongi kamwe, na inatanguliza cheche hadi mwisho wa ramani yake, yaani jedwali la taimingi lililo ndani yake. Siku ya petroli mbaya na mlima mrefu hakuna wa kuizuia. Kinachofuata ni kingo za pistoni zilizolika na ringi zilizovunjika. Gari lenye taa inayowaka, cheche ikiwa imerudishwa nyuma, lina nafuu kuliko hilo: linakula petroli na halina nguvu, lakini pistoni zinabaki.

Kuhamishia sensa mahali rahisi kufikika, juu ya manifoldi au kwenye braketi ya nje, ni ndugu wa ujanja huohuo. Mahali pa sensa palichaguliwa kwa kupima jinsi mlio wa kila silinda unavyosafiri ndani ya bloku. Ukiihamisha itasikia kitu, ila si silinda zote kwa usawa.

Bolti ya braketi ilipata nyuzi mpya za kupachika, braketi ikakazwa, puli mpya ikafungwa. Kwenye gia huru kati ya 2400 na 2700 digrii zilizorudishwa zilikuwa sifuri. Mlimani, gia ya tatu, kanyagio robo tatu, zilicheza kati ya 0 na 2, na hiyo ni kawaida ya injini inayotafuta ukingo wake. Zile sensa mbili za zamani tuliziokota kwenye sanduku la vyuma chakavu na kuzipima: kilo-omu 207 na 213, zote zikiruka vizuri kwenye oskiloskopu kila bloku ya majaribio ilipogongwa. Zimefungiwa kwenye mfuko na vipimo vyake vimeandikwa juu kwa kalamu ya wino. Sasa ndizo tunazochomeka kwa muda pale soketi inapofikika, kabla ya mtu yeyote kuagiza mpya.